Nati Tano Mbele, Nati Sita Nyuma

Ukikuta Land Rover ya zamani kijijini na ukataka kujua ilikopitia, usianze na kadi. Kadi hupotea, huliwa na panya, au hubaki na jina la mtu aliyekwisha kufa. Rangi nayo haisemi kitu, maana hupakwa upya kila mwenye gari anapopata hela kidogo. Inama uhesabu nati za magurudumu. Land Rover za zamani zilitoka kiwandani Solihull, Uingereza, na nati tano kwa kila gurudumu. Toyota Land Cruiser za miaka ya 1970 na 1980 zilikuwa na sita. Ukikuta tano kila mahali, huenda umekuta gari lililobaki na miguu yake. Ukikuta tano mbele na sita nyuma, kaa chini, hapo kuna stori.

Gari ninalotaka kulizungumzia liko Ivuna, na lina tano mbele, sita nyuma. Ni Land Rover 109 Series IIA ya mwaka 1967, ile yenye taa zilizobanana katikati kwenye grili, kabla kiwanda hakijazihamishia kwenye madigadi. Kwa karibu miaka 30 limetembea na tairi mbili za akiba: moja ya matundu matano juu ya boneti, nyingine ya matundu sita nyuma kwenye bodi. Ya mbele haiingii nyuma na ya nyuma haiingii mbele.

Najua wengi wenu mnakuja hapa kutafuta riwaya na mashairi, sio grisi. Nivumilieni. Kwa maoni yangu ekseli ya nyuma ya gari hili ni maandishi ya historia ya kusini magharibi mwa Tanzania kwa nusu karne iliyopita. Ni maandishi ambayo karibu yatafutwa, na anayetaka kuyafuta ana sababu nzuri.

Chumvi na mlima

Ivuna iko wilaya ya Momba, mkoa wa Songwe, chini kwenye bonde la Ziwa Rukwa. Kwa watu wa mbali jina hili linajulikana kwa mambo mawili. La kwanza lilitoka juu. Tarehe 16 Desemba 1938 kilianguka hapa kimondo cha gramu 705 hivi, cha aina adimu kiasi kwamba kundi lake lote duniani linabeba herufi ya kwanza ya Ivuna. Chombo cha Kijapani Hayabusa2 kilipoleta vumbi la sayari ndogo ya Ryugu mwaka 2020, wanasayansi walililinganisha na mawe ya kundi hilo. Kipande kikubwa cha kimondo chenyewe kiko London, kwenye Makumbusho ya Historia ya Asili.

La pili lilitoka ardhini, nalo ni chumvi. Mwaka 1968 Brian Fagan na John Yellen walichapisha matokeo ya uchimbaji wao hapa, wakaonyesha kwamba watu walikuwa wakitengeneza chumvi kwenye chemchemi za Ivuna tangu karibu karne ya 13. Maana yake ni kwamba kabla hakujawa na mpaka, mkoa, wala barabara, watu wa nyanda za juu walikuwa wanashuka Ivuna kutafuta chumvi, na chumvi ilikuwa inapanda mlima vichwani mwao.

Chumvi ndiyo inayotuleta kwenye ekseli. Bonde la Rukwa liko mita kama 800 juu ya usawa wa bahari. Nyanda za Mbozi, kule kwenye soko na barabara kubwa, ziko mita 1,500 na zaidi. Chochote kinachotoka Ivuna, iwe chumvi, mpunga, ufuta au samaki, lazima kipande tofauti hiyo. Na kuanzia Novemba mpaka Aprili, kabla ya kuufikia mlima unapambana kwanza na udongo mweusi wa bondeni, ule unaonata kama ugali usioiva. Tope kwanza, halafu mlima, na mgongoni magunia ya chumvi. Mtu akikaa kubuni jaribio la kuvunja ekseli ya gari, hawezi kupata zuri kuliko hilo.

Babu yangu mzaa mama alilinunua gari hili kwenye mnada wa serikali mwaka 1974. Lilibeba chumvi na mpunga, lilibeba wagonjwa, mabibi harusi na maiti. Watoto wa shule walilifukuza kwa mbio lilipopita. Na lilivunjika nyuma, mara kwa mara, mpaka ikawa sehemu ya ratiba.

Kwa nini lilivunjika hapo

Tuelewane kwanza tunazungumzia nini. Injini inazungusha propela, lile bomba linalopita chini ya gari kwenda nyuma. Propela inaingia kwenye difu, kile kibuyu cha chuma kilichovimba kati ya magurudumu ya nyuma. Ndani ya difu, pinioni ndogo inazungusha krauni kubwa, na nguvu inagawanywa kwenye shafti mbili, moja ya kulia na moja ya kushoto. Mafundi wanaziita saidi shafti. Hizo ndizo zinazozungusha magurudumu. Kwenye Land Rover ya aina hii propela inazunguka mara 4.7 ili gurudumu lizunguke mara moja. Ikumbuke namba hiyo, tutaihitaji mbele.

Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, kama gari dogo la mkulima wa Kiingereza. Umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma ulikuwa inchi 80. Mwaka 1954 likaja gari refu la inchi 107, na baadaye 109. Mwili ulirefuka, nafasi ya mzigo ikaongezeka, injini nayo ikapata nguvu. Saidi shafti ikabaki nyembamba, na ncha yake inayoingia kwenye difu ikabaki na meno 10 tu. Meno machache maana yake ni meno makubwa yenye kona kali, na kona kali kwenye chuma ndiko ufa unakoanzia.

Fundi aliyenielewesha haya yuko Tunduma, mzee wa miaka sitini na kitu ambaye amefungua difu nyingi kuliko anavyoweza kuhesabu. Nilimwamkia, akaitikia bila kuinua kichwa, mikono yote miwili ikiwa ndani ya oili.

"Mwanangu," aliniambia, "saidi shafti haivunjiki siku ile unayosikia imevunjika. Inaanza kufa miezi mingi nyuma. Kila ukiachia klachi kwa pupa na mzigo mgongoni, inajisokota kidogo. Siku ya mwisho inamalizia tu."

Akanitolea moja ya zamani kwenye boksi la vyuma. Meno yake yalikuwa yamepinda yote upande mmoja, kama kamba iliyosokotwa. Haikuwa imekatika bado. Aliitoa kwenye gari kabla ya wakati wake, kwa kusikia tu ule mlio wa "kla" pale dereva anapobadili gia.

Lakini walioibuni Land Rover waliacha huruma moja ndani yake. Uzito wa gari haukalii saidi shafti. Unabebwa na beringi za habu zilizokaa juu ya bomba la ekseli, na shafti kazi yake ni kuzungusha tu. Kwa hiyo ikikatika, gurudumu halidondoki. Unafungua bolti chache, unachomoa shafti zote mbili na vipande vyake, unabonyeza kile kitufe cha njano kinachounganisha magurudumu ya mbele, na gari linatembea kwa kuvutwa na mbele peke yake. Mama yangu anakumbuka safari moja ya mwaka 1979. Gari lilikatika likiwa linapanda, babu akashusha magunia yote kando ya njia na kumwacha tandiboi akiyalinda, halafu akarudi nalo nyumbani Ivuna kwa magurudumu ya mbele, polepole, na saidi shafti mbili zimelala miguuni mwa mama kama miwa.

Njia ya jehanamu ilivyofungua darasa

Mafundi wa kulitengeneza walitoka wapi? Jibu fupi ni Tunduma, na Tunduma ilipata mafundi kwa sababu ya siasa za mbali.

Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru kule Rhodesia. Zambia, iliyokuwa inapata mafuta na bidhaa zake nyingi kupitia kusini, ikajikuta imebanwa koo. Mafuta yakaanza kupelekwa kwa malori kutoka Dar es Salaam, yakipita Morogoro, Iringa, Mbeya na Tunduma, kwenye barabara ambayo sehemu kubwa yake ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua. Magazeti ya Kizungu yaliibatiza njia ya jehanamu. Mapipa yalikwenda na shaba ikarudi. Malori yalipinduka, yakaungua, yakavunja springi na ekseli, na kila lilipovunjika palihitajika mtu wa kulala chini yake.

Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi mwaka 1968. Lami ikafuata miaka ya mwanzo ya 1970, na reli ya TAZARA, kilomita 1,860, ikakabidhiwa mwaka 1976. Vitabu vyetu vya shule vinasimulia vizuri sehemu hiyo: Nyerere, Kaunda, Wachina, mshikamano wa ukombozi. Kisichosimuliwa ni kwamba katika miaka ile ya kabla ya bomba na reli, mji wa mpakani ulipata darasa la ufundi lisilo na jengo wala cheti. Fundi wangu alijifunza kwa mtu aliyejifunza chini ya malori yale. Alipokuwa kijana alikuwa anashika taa tu na kupokea spana. "Mwaka mzima nilikuwa taa," anasema, na anacheka.

Kwa hiyo Land Rover ya babu ilipopanda kutoka Ivuna na saidi shafti mkononi, ilikuta mji unaojua kuishi na ekseli zilizovunjika. Historia kubwa ya ukombozi wa kusini mwa Afrika iliifikia Ivuna kwa namna hiyo pia, kupitia mikono ya fundi.

Miaka ambayo spea zilikuwa dhahabu

Halafu mambo yakawa magumu. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, ambao haukufunguliwa mpaka mwaka 1983. Wafanyabiashara waliozoea kufuata spea Nairobi wakakwama. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, na vita ikala magari, mafuta na fedha za kigeni. Mwaka 1979 bei ya mafuta duniani ikapanda tena. Waliokuwepo wanakumbuka foleni za sabuni na sukari. Mafundi wanakumbuka foleni nyingine kabisa: magari yaliyosimama juu ya matofali yakisubiri beringi moja.

Hapo ndipo ekseli zilipoanza kuhama kutoka gari hadi gari. Gari likifa, halikuzikwa. Lilichinjwa, hilo ndilo neno la gereji, na kila kiungo kikaenda kwa mwenye shida nacho. Saidi shafti za gari la mission zilimalizikia kwenye gari la mfanyabiashara wa samaki. Nyingine, kwa maneno ya fundi, zilivuka kutoka Nakonde upande wa Zambia zikiwa zimefungwa kwenye khanga kama mtoto mgonjwa.

Kiwandani Solihull tatizo lilikuwa linajulikana. Kuanzia mwaka 1972 hivi, Land Rover 109 za Series III zilianza kutoka na ekseli nyingine ya nyuma, iliyoitwa Salisbury. Ni nzito, kibuyu chake ni kikubwa, na saidi shafti zake ni nene zenye meno 24. Mafundi wa Tunduma waliipenda mara moja. Lakini babu hakuipata. Kila Land Rover yenye Salisbury ilikuwa mzima inatembea, na aliye nayo hakuwa tayari kuichinja. Ukame ule wa spea ulikuwa na mantiki ya kikatili: vitu imara havipatikani, kwa sababu havijavunjika.

Mlango ulianza kufunguka mwaka 1984, serikali iliporuhusu watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana zilikotoka. Miaka ya 1990 magari yaliyotumika kutoka Japani yakamiminika, na baada ya muda yakaanza nayo kufa na kuchinjwa. Kwa mara ya kwanza sehemu ngumu za gari zikawa nyingi na za bei ya kawaida. Hazikuwa za Land Rover, zilikuwa za Toyota.

Mwaka 1996 babu alivunja saidi shafti kwa mara ya mwisho. Hakutafuta nyingine. Alinunua ekseli nzima ya nyuma ya Land Cruiser iliyopinduka.

Ufundi na gharama yake

Joshua Grace, mwanahistoria aliyeandika kitabu kizima kuhusu magari na mafundi wa Tanzania, *African Motors*, kilichotoka mwaka 2021, anatutaka tuache kuziona gereji bubu kama mahali pa kubabaisha. Anazisoma kama mahali pa maarifa. Nakubaliana naye, na ekseli ya babu ni ushahidi mzuri. Sikiliza kazi yenyewe.

Vikalio vya springi vya Toyota haviko mahali pamoja na springi za Land Rover, kwa hiyo vilikatwa na kuchomelewa upya. Ukivichomelea kwa pembe isiyo sahihi, pua ya difu inaangalia juu au chini kupita kiasi, na propela itatetemeka mpaka ile misalaba yake iishe. Difu ya Land Rover haiko katikati ya gari, imesogea upande wa kulia, ikifuatana na mahali propela inapotokea kwenye giaboksi. Ya ekseli ngeni inaweza isikae mstari huohuo. Propela yenyewe ilibidi ikatwe, ipunguzwe na kuchomelewa, na flanji ya kuunganishia ikachongwa kwa mashine. Breki za nyuma zilikuwa na mahitaji tofauti ya mafuta na zile za mbele. Yote hayo yalipimwa kwa uzi, kwa rula, na kwa jicho. Na ekseli ile haijavunjika hata mara moja tangu 1996.

Ningeweza kuishia hapo, tukapiga makofi kwa ubunifu wa Mwafrika. Fundi wangu alinikatalia.

"Usiandike hivyo tu," alisema. "Andika na tulichopoteza."

Turudi kwenye namba. Ekseli ya mbele ya gari ni ya Land Rover, 4.7. Ile ya Toyota iliyofungwa nyuma ni 4.11. Piga hesabu: kwa mzunguko uleule wa propela, mbele likizunguka mara 100, nyuma linataka kuzunguka mara 114. Land Rover za Series hazina difu ya katikati ya kupatanisha ugomvi huo. Ukibonyeza kitufe cha njano kwenye ardhi ngumu, magurudumu ya nyuma yanasukuma, ya mbele yanakataa, na kitu fulani ndani lazima kivunjike. Suluhisho la mwaka 1996 lilikuwa rahisi: propela ya mbele ilitolewa na kutundikwa ukutani.

Yaani gari lililojulikana dunia nzima kwa kuvuta magurudumu manne likawa linavuta mawili. Kiangazi hakuna tatizo. Masika, kwenye udongo mweusi wa Ivuna, linazama kama lori lolote. Ile huruma iliyomrudisha mama nyumbani mwaka 1979 haipo tena, maana mbele hakuna kinachovuta. Babu alinunua uimara, akalipa kwa masika. Kwa karibu miaka 30 gari limekuwa la miezi sita kwa mwaka.

Na gharama hiyo walilipa watu. Mjomba wangu, anayelimiliki sasa, anakumbuka mwanamke aliyebebwa kwa machela mpaka kwenye barabara inayopitika, Februari moja, wakati Land Rover imesimama uani na injini yake nzima.

Orijino ya nani?

Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, na mamia ya magari hayo yakajipanga barabarani. Picha zilifika mpaka Ivuna kwenye simu. Watu waliokuwa wanaliita gari la mjomba chuma chakavu wakaanza kulipita wakiligusa boneti. Haikuchukua muda akapatikana mnunuzi, mtu wa mjini anayekusanya magari ya zamani. Alitaja bei ambayo hapa Ivuna ni nyumba ya tofali na bati. Alikuwa na sharti moja: ekseli ya Toyota itoke, irudishwe ya orijino, ile ya Rover yenye meno 10.

Familia iligawanyika. Binamu zangu vijana walitaka kuuza, na siwalaumu. Wawili wako chuo, na ada haisubiri historia. Mimi niliombwa maoni kwa sababu "wewe unaandika andika," na maoni yangu ya kwanza yalikuwa kwamba ekseli ya Toyota ibaki, kwa sababu ndiyo historia yenyewe. Mjomba alinitazama kwa upole wa mtu anayezungumza na mgeni.

"Mpwa wangu, historia haivuki tope."

Alikuwa ameshakwenda Tunduma kabla yetu. Fundi alimpa njia tatu. Ya kwanza ni ya mnunuzi: kurudisha ekseli ya Rover, gari lipendeze kwenye maonyesho, na livunjike tena mlimani. Ya pili ni Salisbury kutoka Land Rover 110 ya miaka ya 1980. Hiyo ni imara, lakini uwiano wake ni 3.54 na ilikaa juu ya koili, kwa hiyo utachomelea tena vikalio vya springi na bado mbele na nyuma havitapatana, labda ubadilishe krauni na pinioni. Ya tatu ni Salisbury ya Series III, ile ile ambayo babu aliikosa. Nati tano, springi mahali palepale, uwiano 4.7 sawa na mbele. Kinachohitaji kubadilika hasa ni propela, iwe fupi kidogo, kwa kuwa pua ya Salisbury ni ndefu zaidi. Na sasa, miaka 40 na zaidi baadaye, Series III nazo zimeanza kuchinjwa. Ipo moja Mbeya.

Mjomba amechagua ya tatu. Mnunuzi alipoambiwa alijibu kwamba Salisbury si sahihi kwa gari la mwaka 1967, na akajitoa. Ada itatafutwa kwenye mpunga. Mjomba anaamini gari linalofanya kazi miezi 12 litailipa kwa misimu michache, na binamu zangu hawana uhakika. Nami siwezi kusema nani yuko sahihi.

Lakini neno orijino limenikaa kichwani. Gari hili lilikaa na ekseli ya kiwandani kwa miaka 29, na limekaa na ekseli ya Toyota karibu muda huohuo. Mkusanyaji anahesabu miaka ya kwanza kuwa ukweli na ya pili kuwa doa. Ni namna ileile ambayo historia yetu iliandikwa zamani, kwamba jambo la kweli ni lile lililotoka ng'ambo, na tulilolifanya sisi baadaye ni uharibifu. Kimambo na Temu walihariri kitabu chao cha historia ya Tanzania mwaka 1969 wakipinga fikra hiyo kwa upande wa watawala na watawaliwa. Kwa upande wa vitu bado tunayo. Lakini mimi nami nilikuwa karibu kuingia mtego wa pili, wa kutaka kovu libaki ili nipate cha kuandika, wakati anayelibeba ni mtu mwingine. Wanaokaa Ivuna wanahitaji gari linalopita Februari.

Kazi imepangwa kufanyika kabla ya mvua. Propela ya mbele imeshushwa ukutani na kupakwa grisi. Ekseli ya Toyota haitauzwa chuma chakavu. Itakaa nyuma ya ghala, na mjomba ameshasema yeyote mwenye Land Cruiser na shida aje. Ikishafungwa Salisbury, atakayeinama kuhesabu nati atapata tano mbele na tano nyuma. Atafikiri hakuna kilichotokea.

Ndiyo maana nimenunua daftari, lile kubwa la jalada gumu wanalotumia wenye maduka, na nikamwomba fundi tulijaze pamoja. Ukurasa wa kwanza una tarehe ya mnada. Wa pili una saidi shafti zilizovunjika, kadiri mama na mjomba wanavyozikumbuka, na mahali zilipovunjikia. Wa tatu una ekseli ya mwaka 1996: ilikotoka, vipimo vya vikalio, urefu wa propela kabla na baada ya kukatwa, na jina la aliyechomelea. Fundi aliusoma huo wa tatu mara mbili, akachukua kalamu, na chini yake akaongeza kwa mkono wake miezi ambayo gari halikutembea.